Nyumba ya Vyumba Sita: Historia ya Upangaji na Matabaka Mjini Dar es Salaam

Wanaoandika juu ya matabaka katika Tanzania ya kisasa huanza kwa kawaida na mshahara, elimu na cheo, kwa kuwa mambo hayo ndiyo yanayopimika kwa urahisi katika takwimu za serikali. Mjini Dar es Salaam, hata hivyo, ambako kwa zaidi ya miaka mia moja wakazi wengi hawakuwa na ajira ya kudumu wala cheti cha shule, tofauti kati ya aliyejiweza na asiyejiweza ilikaa zaidi katika swali jingine, nalo ni kama mtu alikuwa na nyumba yake au alipanga chumba katika nyumba ya mwenzake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya aina moja karibu mji mzima wa Waafrika, na wenyeji waliiita nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, mlango wa katikati, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu upande wa kulia na vitatu upande wa kushoto, kisha uani penye jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba alilala na watu wake katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akavipangisha, kila chumba kwa kodi yake ya mwezi. Kwa njia hiyo jengo lile lile lilikuwa makazi, akiba ya uzeeni na biashara, na kwa mtu asiyesoma lilikuwa karibu ndiyo ngazi pekee ya kupandia kutoka tabaka moja kwenda jingine.

Mji wenyewe ulikuwa umekwisha kugawanywa kabla nyumba hiyo haijapata uzito huo. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga bandari yake karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla kazi haijafika mbali, na Wajerumani waliohamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891 wakatoa mwaka huo huo kanuni za ujenzi zilizoeleza nyumba za aina gani zijengwe wapi. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, palitengwa kwa majengo imara ya mtindo wa Kizungu. Katikati pakawa pa maduka na nyumba za wafanyabiashara, wengi wao Wahindi. Na upande wa magharibi ukaachiwa nyumba za udongo na makuti. Watu wakayapa maeneo hayo majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, majina ambayo yamedumu kuliko serikali iliyoyasababisha. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika kwa udhamini wa Ligi ya Mataifa, masharti ya udhamini hayakuwaruhusu kubagua watu waziwazi kwa rangi katika sheria, hivyo kanuni zao za kanda zikazungumzia vipimo vya ujenzi na afya badala ya kuzungumzia watu. Matokeo yalikuwa yale yale, kwa sababu kila mtu alijua nani angeweza kugharimia jengo la kiwango cha kanda ya kwanza na nani asingeweza, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na mji wa Waafrika ili kuwatenga wakazi wa pande hizo mbili.

Mji huo wa Waafrika ulipewa jina lake na vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lilikusanya katika eneo la soko jipya la Wajerumani wapagazi wa kikosi cha uchukuzi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kutokana na matamshi ya watu jina hilo likawa Kariakoo. Baada ya vita viwanja viligawanywa kwa mistari iliyonyooka juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya minazi, na mitaa kama Kongo, Sikukuu, Narung'ombe, Mchikichi na Pemba ikajaa nyumba zilizofanana kwa umbo na kutofautiana kwa paa tu. Ilala ikafuata, kisha Magomeni na Temeke katika miaka iliyozunguka Vita vya Pili vya Dunia, na kila eneo jipya lilirudia ramani ile ile ya vyumba sita na uani, kwa sababu ramani hiyo ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba inalipa.

Namna nyumba hiyo ilivyojengwa inaeleza kwa nini mtu wa kipato kidogo aliimudu. Miti ilitoka katika mikoko ya delta ya Rufiji, ikaletwa kwa majahazi na kusimikwa ardhini, fito zikafungwa kwa kamba, kisha ukuta ukakandikwa udongo na, fedha zikipatikana, ukapakwa chokaa. Paa lilianza na makuti. Baadaye watu wakafua madebe matupu ya mafuta ya taa na kuyaezeka kama vigae, na waliofanikiwa zaidi wakanunua mabati. Ujenzi haukudai fedha zote kwa mkupuo mmoja, kwani upande mmoja ulipokamilika uliweza kupangishwa huku upande wa pili ukingali fito tupu, na kodi ya wapangaji wa kwanza ikanunua milango na kulipa mafundi wa vyumba vilivyobaki. Ustahimilivu huo wa ujenzi wa hatua kwa hatua haukutokana na mila peke yake, bali ulilazimishwa na sheria, maana sheria ya mwaka 1931 iliyozuia Waafrika kukopeshwa na wasio Waafrika ilisema kwamba deni la namna hiyo lisingedaiwa mahakamani bila kibali cha maandishi cha serikali, jambo lililowafanya wakopeshaji wakae mbali nao. Wakuu wa serikali walieleza kwamba wanawalinda Waafrika dhidi ya ulaghai wa wenye maduka. Ulinzi huo, pamoja na ukweli kwamba viwanja vya Kariakoo vilishikwa kwa haki za muda mfupi ambazo benki isingezikubali kuwa dhamana, uliwafungia Waafrika mlango ambao Mhindi wa duka la jirani aliupita kila siku, na tofauti ya mali kati ya jamii hizo mbili haiwezi kuelezwa kwa haki bila kuutaja. Waafrika wakajenga kwa upatu, yaani mchango wa zamu ambapo kila mwanachama hupokea fungu zima siku yake, kwa mahari, kwa urithi, kwa faida ya vitumbua na pombe, na kwa fedha za vyama vya ngoma.

Kwa hiyo orodha ya wenye nyumba haikulingana na orodha ya wakubwa. Walikuwamo Wazaramo na Washomvi waliokuwa wenyeji wa pwani hiyo, lakini walikuwamo pia Wamanyema, watu wenye asili ya mashariki ya Kongo ambao wengi wao wazee wao walifika pwani katika misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na ambao walipata nyumba Kariakoo na kujenga huko msikiti unaojulikana kwa jina lao hadi leo. Utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na ukweli kwamba jamii zilizokuwa zikidharauliwa kwa asili yao ziliweza, katika kizazi kimoja au viwili, kuwa wapangishaji wa watu waliojiita waungwana, ni badiliko la kijamii kubwa kuliko mengi yaliyosherehekewa kwa hotuba. Kundi jingine lililojitokeza ni wanawake. Sheria ya Kiislamu ilimtambua mwanamke kuwa mmiliki wa mali yake mwenyewe, ndoa za mjini zilivunjika mara kwa mara, na mwanamke aliyeachika akiwa na akiba ndogo aliona wazi kwamba chumba cha kupangisha hakimtaliki mtu. Wanawake hao, wengi wao wakiwa wa makamo na wasiojua kusoma herufi za Kirumi, walikusanya kodi kila mwisho wa mwezi kutoka kwa makarani na walimu.

Hapo ndipo penye jambo ambalo vipimo vya kawaida vya tabaka havilioni. Karani wa serikali wa miaka ya 1930 alivaa suruali na viatu, alisoma magazeti, alikuwa mwanachama wa chama cha watumishi Waafrika ambacho Martin Kayamba alikiasisi Tanga mwaka 1922, au wa African Association iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na machoni pa wakoloni yeye ndiye aliyekuwa Mwafrika aliyeendelea. Jioni, hata hivyo, alirudi katika chumba kimoja cha kupanga, akapita barazani alipokaa mwenye nyumba, akamwamkia shikamoo, na kama kodi ilikuwa imechelewa alipita kwa haraka. Heshima ya shule na heshima ya nyumba zilikutana katika ukumbi mmoja, na ya pili mara nyingi ndiyo iliyokuwa na sauti. Karani angeweza kuhamishiwa Lindi au Mwanza kwa barua ya siku moja na akaanza tena kupanga huko, wakati mwenye nyumba alibaki na mtaa wake, na mtaa ulimjua kwa jina.

Isidhaniwe lakini kwamba nyumba ya vyumba sita ilikuwa mahali pa usawa. Familia nzima ilikaa katika chumba kimoja, pazia likitenga kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto. Mapishi ya nyumba nzima yalikutana katika jiko moja la uani. Na mpangaji aliyekosana na mwenye nyumba alitolewa vyombo nje. Waliofika mapema walipata viwanja, na waliofika baada ya vita, wakati mji ulipopanuka kutoka watu wasiofika 70,000 mwaka 1948 hadi zaidi ya 128,000 mwaka 1957, walikuta milango imeanza kufungwa na kodi imepanda. Afisa wa Kiingereza J.A.K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa mji huo katika miaka ya 1956 na 1957 na kuuchapisha kama kitabu mwaka 1963, aliona kwamba mwenye nyumba wa kawaida alikuwa na nyumba moja tu na alikaa humo humo pamoja na wapangaji wake. Alitumia choo kile kile, alisikia ugomvi na kilio cha wapangaji kupitia ukuta wa udongo, na kwa sababu hiyo unyonyaji, pale ulipokuwapo, ulikuwa na mipaka ambayo haikuandikwa popote: ni vigumu kumfukuza mjane wa mpangaji wakati matanga yanakaliwa uani kwako.

Kwa wafanyakazi wa bandarini, ambao wengi wao walilipwa kwa kutwa, umbali kati ya ujira na kodi ndio uliokuwa siasa yao. Serikali ililipa watumishi wake kwa viwango tofauti kwa Wazungu, Waasia na Waafrika hata pale kazi zilipokaribiana, na wakati wa vita mgawo wa chakula nao ulifuata rangi. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na mgomo wao wa Septemba 1947 ukaenea kwa wafanyakazi wa reli na hadi miji ya bara, ukaleta nyongeza ya mishahara. Serikali nayo ikaanza kujenga kota, yaani nyumba za safu kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, huko Ilala na Magomeni, ikitumaini kupata tabaka la wafanyakazi watulivu wenye familia. Kota zilikuwa chache mno, na kwa kuwa zilikwenda kwa wenye ajira, zilianzisha desturi ambayo serikali za baadaye ziliirithi bila kuihoji: fedha ya umma humjengea mwenye mshahara, na asiye na mshahara hujijengea mwenyewe.

TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, nguvu yake ya kwanza mjini haikutoka kwa makarani, ambao walikatazwa na serikali kujiunga na siasa, bali kwa watu wa barazani na uani. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyekusanya maisha ya wanawake wa TANU, alionyesha jinsi waliobeba chama hicho Dar es Salaam walivyokuwa kwa sehemu kubwa wanawake Waislamu wa makamo, wenye shule kidogo au wasiosoma kabisa, wengi wao wakijitegemea kwa biashara ndogondogo na kwa vyumba vya kupangisha. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma aliyekuwa kiongozi wa wanawake hao, aliwafikia kupitia vyama vya ngoma vilivyokuwa vimekwisha kuwaunganisha mtaa kwa mtaa. Mwanamke asiyetegemea mwajiri hakuwa na kazi ya kunyang'anywa, wala asiyepanga hakuwa na chumba cha kufukuzwa. Uhuru huo mdogo wa kiuchumi ulitangulia ule mkubwa wa kisiasa, na wanahistoria wa taifa hawajaulipa deni lake. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, baada ya kuacha kufundisha Pugu mwaka 1955, alijenga nyumba Magomeni na kuishi humo kabla ya kushika madaraka, na nyumba hiyo sasa ni makumbusho.

Uhuru wa mwaka 1961 uliondoa rangi kama kigezo rasmi cha tabaka kwa kasi ambayo haikutarajiwa. Nafasi za Wazungu serikalini zilichukuliwa na Waafrika wasomi, na pamoja na nafasi hizo zikaja nyumba za Oysterbay, magari na mikopo. Mitaani watu hao wakaitwa naizesheni, na waliobaki Uswahilini wakajiita makabwela. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa iliyowataka watumikie kwa sehemu tu ya mshahara ambao wangeupata, na Nyerere akawafukuza zaidi ya 300 na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilikuja miezi michache baadaye, na katika masharti yake ya uongozi kiongozi wa TANU au wa serikali alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, na kuwa na nyumba ya kupangisha.

Sharti hilo la nyumba linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Lilimlenga naizesheni, aliyekopa kwa cheo chake, akajenga, kisha akapangisha kwa mabalozi na mashirika ya kigeni, na katika hali hiyo lilikuwa la haki, kwani mtu huyo alitumia mamlaka ya umma kujitajirisha. Lakini lilimkuta pia kiongozi ambaye hakuwa na shahada ya kurudia wala taaluma ya kuuza, na ambaye nyumba ya kupangisha ilikuwa bima yake pekee. Bibi Titi Mohamed hakukubaliana na sharti hilo na akatoka katika uongozi wa juu wa chama. Baadaye, katika kesi ya uhaini ya mwaka 1970, alihukumiwa kifungo, akaachiwa mwaka 1972. Kisa chake hakithibitishi kwamba Azimio lilikosea, kwa maana tofauti za mishahara zilipungua kweli: Nyerere mwenyewe, alipotathmini miaka kumi ya Azimio mwaka 1977, alieleza kwamba uwiano wa kipato cha juu kabisa na cha chini kabisa katika utumishi wa umma, baada ya kodi, ulikuwa umeshuka kutoka takriban 50 kwa 1 wakati wa uhuru hadi takriban 9 kwa 1. Kinachothibitika ni kwamba Azimio lilipima tabaka kwa kipimo cha msomi, na katika kipimo hicho mwanamke wa Kariakoo mwenye vyumba viwili vya kupangisha na mkurugenzi mwenye jumba Oysterbay waliandikwa katika mstari mmoja.

Tarehe 22 Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majengo yapatayo 3,000, mengi yakiwa mali ya Waasia wa Uhindini na Upanga, yakawekwa chini ya ofisi iliyoitwa Msajili wa Majumba. Familia nyingi za Kiasia ziliondoka nchini kwenda Uingereza na Kanada, baadhi zikiwa zimepoteza jengo ambalo babu alilijenga kwa duka la rejareja. Kwa kuwa nyumba ya vyumba sita haikufikia thamani hiyo, Uswahilini haikuguswa, na wapangaji wake hawakupata chochote; vyumba vya Msajili, vyenye maji ya bomba na kodi nafuu, vilikwenda kwa wenye majina yanayojulikana ofisini, na baadhi ya familia ziliendelea kuvishikilia kwa vizazi viwili. Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1962, lilikuwa limejaribu njia nyingine, yaani kubomoa nyumba za udongo za Magomeni na kwingineko na kujenga mahali pake nyumba za matofali ya saruji zenye ramani ile ile ya vyumba sita. Nyumba zilikuwa bora, lakini kila nyumba mpya ilichukua nafasi ya nyumba iliyokuwapo, hivyo idadi ya vyumba mjini haikuongezeka, na mwenye nyumba aliyelala bila deni aliamka akiwa mdaiwa wa shirika. Mpango huo ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ule wa Viwanja na Huduma, ulioendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, ulikuwa na busara zaidi, kwa kuwa uliwapa watu kiwanja kilichopimwa, barabara na maji, ukawaachia ujenzi; lakini Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, maeneo yaliyokusudiwa kwa sehemu kubwa watu wa kipato cha chini, yalikaa karibu na mji na yalivutia, na viwanja vingi vikaishia mikononi mwa watumishi na wafanyabiashara walioweza kukamilisha ujenzi ndani ya muda uliowekwa. Makabwela waliendelea kujenga Manzese, Tandika, Buguruni na baadaye Mbagala, kwa kununua kipande cha shamba kutoka kwa Mzaramo na kuandikishana mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya nusu ya wakazi wa mji waliishi katika maeneo yasiyopimwa.

Miaka ya 1980 ilibadilisha maana ya nyumba kwa tabaka zote. Bidhaa ziliadimika, shilingi ikashuka thamani mwaka hadi mwaka, hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, na mshahara wa mtumishi ukawa hautoshi hata nusu ya mwezi. Akiba ya benki iliyeyuka, tofali halikuyeyuka. Daktari, karani, mwalimu na muuza mitumba wote wakaanza kufanya alichokifanya mwanamke wa Kariakoo nusu karne kabla yao, yaani kununua mifuko michache ya saruji kila walipopata fedha, kufyatua matofali, kumwaga msingi, kufika kwenye lenta, kusubiri mwaka, kisha kupaua. Nyumba isiyokwisha ikawa na jina lake, pagale, na kuhamia kwenye pagale lisilo na madirisha ili kuikimbia kodi ikawa hatua ya kawaida katika maisha ya mtu wa Dar es Salaam, hatua ambayo wengi huikumbuka kwa fahari kuliko siku ya kupandishwa cheo. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwaruhusu viongozi kupangisha nyumba, na kwa hivyo wakakiri hadharani jambo ambalo wengi wao walikuwa wamekwisha kulifanya kwa majina ya wake na wajomba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo, zikiwamo za maeneo ya thamani kubwa kama Oysterbay, kwa bei ambayo soko lisingeitambua. Kwa uamuzi huo mali iliyorithiwa kutoka Uzunguni ya wakoloni, na iliyopaswa kuwa ya kila mtumishi kwa zamu yake, iligeuka kuwa urithi wa familia kadhaa, na kama kuna siku ambapo tabaka la juu la Dar es Salaam lilipata msingi wa kudumu, ilikuwa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote baada ya uhuru. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo mapya pembezoni kwa bei zilizomwacha nje mchuuzi na mlinzi, na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984 ikafutwa mwaka 2005. Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa pamoja ilikuwa imekwisha kuenea. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi katika Mbagala ya leo humtaka mpangaji awe na shilingi 300,000 mkononi kabla hajapewa ufunguo, na 50,000 nyingine za dalali aliyemwonyesha chumba, na mtu anayepata riziki yake kwa siku moja moja hana namna ya kuzipata isipokuwa kukopa kwa riba, kubanana na ndugu, au kusukumwa mbali zaidi, ambako nauli ya daladala hula kile kilichookolewa kwenye kodi. Mwenye nyumba wa sasa, tena, mara nyingi hakai humo. Hukaa Goba au Tegeta, huwasiliana kwa simu, na ugomvi wa mita ya umeme inayotumiwa na wapangaji sita huachiwa wapangaji wenyewe. Kile kizuizi ambacho Leslie alikiona bila kukipa jina, cha mpangishaji na mpangaji kuishi chini ya paa moja, kimeondoka, na hakuna sheria iliyowekwa mahali pake.

Katika Kariakoo yenyewe nyumba ya vyumba sita karibu imetoweka. Biashara huria ilifanya kiwanja cha Mtaa wa Kongo au Narung'ombe kuwa miongoni mwa ardhi ghali kuliko zote nchini, na mahali pa baraza na uani pamesimama maghorofa ya maduka chini na bohari juu. Yaliyozipata familia za wenye nyumba wa zamani yalitegemea kwa kiasi kikubwa mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu mjane hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, mtoto wa kiume hupata mafungu mawili kwa fungu moja la dada yake, na nyumba ambayo haiwezi kukatwa vipande huuzwa ili fedha zigawanywe. Familia zilizokuwa na warithi wachache au zilizopatana ziliingia ubia na mfanyabiashara, zikatoa kiwanja, yeye akajenga, wakagawana ghorofa, na wajukuu wa muuza vitumbua sasa wanaishi kwa kodi za maduka. Zilizokuwa na warithi kumi na watano kutoka ndoa tatu ziliuza kwa haraka, mara nyingine kwa bei ya mgogoro, na fungu la binti mmoja likatosha kiwanja kisichopimwa Chanika au Gongo la Mboto na mabati ya vyumba viwili, au halikutosha hata hicho, naye akaanza kupanga, akiwa wa kwanza kufanya hivyo katika ukoo wake tangu bibi yake alipomaliza kukandika ukuta wa mwisho wa nyumba iliyouzwa.